Brent: Matembezi ya familia yasiyoumiza mfuko

Wazazi wengi wanaolea watoto London wana vilio viwili: kila likizo ina gharama, na mtoto akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza. Siku moja katika manispaa ya Brent, kaskazini-magharibi mwa jiji, inaweza kupunguza vyote viwili.

Anzieni Neasden, kwenye hekalu la Kihindu lililofunguliwa mwaka 1995. Mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na marumaru ya Italia yalipelekwa India kuchongwa kwa mkono, kisha yakaja kuunganishwa hapo. Kuingia ni bure. Vaeni nguo za heshima; viatu huvuliwa mlangoni.

Wapenda soka wapelekeni Wembley. Uwanja huchukua watu 90,000, na tao lake la mita 133 hutazamwa kutoka nje bila tiketi.

Malizieni Ealing Road, mtaa wa sari, dhahabu na vitafunio. Agizeni "mogo": ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili. Jina hilo lilikuja na familia za Kihindi zilizotoka Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972.

Kabla ya kulipa, mwambieni mtoto amwamkie mzee wa dukani: "Shikamoo." Huenda akaitikiwa "Marahaba." Mtoto anayeionea haya lugha ya mama yake akiisikia kwa mtu asiyemtarajia, ataiheshimu zaidi kuliko akihubiriwa nyumbani mwaka mzima.