Je, Oklahoma City Wataweza Kulitetea Taji?

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, saa tisa na nusu kwa saa za hapa Maskati, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, itafungua msimu mpya. Mabingwa, Oklahoma City Thunder, watapewa pete zao, kisha watacheza na Houston Rockets. Mjukuu wangu ameshaniomba nimwamshe, maana anajua saa hizo babu yake huwa macho. Mwakani, Inshaallah, anakwenda masomoni Uingereza, kwa hiyo msimu huu ndio wetu.

Akaniuliza, "Babu, watachukua tena?"

Mpira huu niliujua skuli ya misheni, tulipokuwa na goli moja lililopigiliwa kwenye nguzo, na Padri ndiye refa. Lakini ukarani nimeufanya maisha yangu yote, na swali la mjukuu wangu ni la mahesabu zaidi kuliko la mpira.

Tangu Golden State Warriors walipochukua taji 2017 na 2018, hakuna timu iliyolitetea. Walifuata Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State tena, Denver, Boston, na sasa Oklahoma City. Miaka saba, timu saba.

Sisi wa Ghuba tuliwaona Boston Celtics kwa macho yetu. Oktoba 2024 walikuja Abu Dhabi wakiwa mabingwa, wakawafunga Denver Nuggets mara mbili. Nani angedhani watashindwa? Mei iliyofuata, katika mechi ya nne na New York Knicks, nyota wao Jayson Tatum alikatika kano ya kisigino, na Knicks wakawatoa kwa mechi 4 kwa 2. Baada ya hapo Boston wakawaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis ili kupunguza gharama. Basi bingwa ana maadui wawili wakubwa: mwili na mfuko.

Habari ya mfuko ni hivi. Ligi imeweka mipaka ya jumla ya mishahara. Timu ikivuka mpaka mmoja hulipa kodi nzito. Ikivuka ulio juu zaidi, hufungwa mikono hata katika kubadilishana wachezaji. Na mchezaji akishapata ubingwa, bei yake hupanda. Kwa hiyo kikosi kilicholeta taji ndicho kinachokuwa kigumu kukiweka pamoja.

Oklahoma City walilipanga jambo hili mapema. Mwaka 2019 walimpeleka Paul George kwa Los Angeles Clippers, wakapata Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa Kanada, pamoja na haki tano za kuchagua wachezaji chipukizi katika raundi ya kwanza. Haki mojawapo ilimleta Jalen Williams mwaka 2022, mwaka uleule walipomchagua Chet Holmgren. Chipukizi katika mkataba wake wa kwanza halipwi sana.

Julai mwaka huu wote watatu walitia saini mikataba mipya. Wa Shai peke yake ni dola milioni 285 kwa miaka minne. Lakini malipo mapya ya Williams na Holmgren yanaanza msimu wa 2026-27, na ya Shai msimu unaofuata. Karani yeyote ataelewa: mzigo umeshapokelewa, ankara haijafika. Ndiyo maana wamebaki na karibu kikosi chote kilichoshinda mechi 68 kati ya 82, kwa wastani wa tofauti ya pointi 12.9, mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi.

Je, hakuna wasiwasi? Upo. Njiani Denver waliwafikisha mechi ya saba, na fainali nayo Indiana Pacers wakawafikisha mechi ya saba. Humo Tyrese Haliburton wa Indiana akakatika kano ya kisigino mapema. Angebaki mzima, pengine tungezungumza mengine. Williams naye amepasuliwa kifundo cha mkono na hatakuwepo mwanzoni. Denver wameongeza wachezaji. Houston wamemleta Kevin Durant, aliyekuwa wa Oklahoma City mpaka 2016, na ndiye atakayekabiliana nao usiku huo wa pete.

Jawabu langu kwa mjukuu ni hili: tangu Golden State, sijaona bingwa aliyejiandaa kutetea taji kama hawa. Mfuko wameshautuliza kwa mwaka mmoja. Uliobaki ni mwili, na huo hauna daftari. Tuwatazame Aprili: Shai, Williams na Holmgren wakiwa wazima wote watatu, mimi nitawapa. Wakikosa msimu huu, ujao watacheza ankara ikiwa mezani.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya Babu, lakini usisahau kuniamsha."

Sitasahau.