Ngazi ya Mpira wa Kikapu: Kutoka Kiwanja cha Shule hadi Ubingwa wa Vyuo

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 5 Aprili 2009, wakati wakazi wengi wa Mkoa wa Mara wakiwa wamelala, kijana wa Kitanzania alikuwa uwanjani katika jiji la Detroit, Marekani, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000. Kijana huyo, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut katika nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu kwa wanaume wa vyuo. Timu yake ilifungwa na Chuo Kikuu cha Michigan State kwa pointi 82 kwa 73, na safari yake ikaishia hapo.

Habari hiyo ya zamani ina somo kwa wakazi wa Kata ya Machochwe. Thabeet hakuzaliwa katika familia ya viwanja vya Marekani, wala hakuanza mchezo huo utotoni. Alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao kijana wa Machochwe yuko sekondari, au yuko machungani nyuma ya ng'ombe. Makala haya yanaeleza mashindano hayo yalivyo, ngazi iliyopo hapa nchini kwa mwanafunzi mwenye kipaji, na mambo ambayo mzazi na kijiji wanaweza kuyafanya.

Mashindano ya vyuo yanavyoendeshwa

Ubingwa wa vyuo vya Marekani ulianza mwaka 1939 ukiwa na timu 8 tu. Leo unashirikisha timu 68 na huchezwa kuanzia mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Timu zinazotwaa ubingwa wa ligi zao huingia moja kwa moja, na nafasi zilizobaki hujazwa na kamati inayopima matokeo ya msimu mzima.

Mashindano huendeshwa kwa mtoano. Timu ikifungwa mara moja, imetoka; hakuna mchezo wa marudiano. Baada ya michezo minne ya mwanzo hubaki timu 64, kisha 32, 16, 8, 4 na hatimaye 2 zinazokutana fainali. Kwa timu nyingi, kutwaa ubingwa kunahitaji kushinda michezo sita mfululizo. Ndiyo maana Wamarekani wenyewe huyaita mashindano hayo kichaa cha mwezi Machi: timu kubwa inaweza kung'olewa na timu ndogo kwa sababu ya jioni moja mbaya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wachezaji hao ni wanafunzi. Wengi wao husoma kwa ufadhili wa chuo unaogharimia ada, malazi na chakula, na kila mmoja hutakiwa kuwa na alama za masomo zinazokubalika ndipo aruhusiwe kucheza. Kijana mwenye kimo kirefu na mikono myepesi, lakini asiye na cheti cha sekondari, hapiti mlango huo.

Safari ya Thabeet

Thabeet alisoma Shule ya Sekondari Makongo, Dar es Salaam, kisha akapata nafasi katika shule moja ya Houston, Marekani, kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Kimo chake cha takriban meta 2.21 kilimsaidia, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira ya wapinzani. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yake. Katika mashindano ya mwaka 2009 chuo chake kilizifunga timu nne mfululizo, yaani Chattanooga, Texas A&M, Purdue na Missouri, kabla ya kutolewa Detroit.

Miezi michache baadaye alichaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote walioingia ligi ya kulipwa ya NBA mwaka huo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Hata hivyo, maisha yake katika NBA hayakuwa marefu: alipita katika timu kadhaa na mwaka 2014 alikuwa amekwisha kuondoka. Hata aliyefika juu kiasi hicho alicheza ligi hiyo kwa miaka michache tu, na miaka ya kuishi baada ya mchezo ni mingi zaidi. Kwa hiyo elimu si jambo la kusubiri mpira ushindikane. Ni sehemu ya safari yenyewe.

Ngazi iliyopo hapa nchini

Mwanafunzi wa Machochwe hahitaji kuvuka bahari ili aanze. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanajumuisha mpira wa kikapu kwa wavulana na wasichana. Michezo huanzia shuleni, hupanda hadi wilaya na mkoa, na timu ya mkoa hukutana na mikoa mingine kitaifa, kwa kawaida katikati ya mwaka. Mwaka 2019 fainali za taifa zilifanyika Mtwara, na mwaka 2022 zilifanyika Tabora. Mwanafunzi anayechaguliwa timu ya Mara huonekana na walimu na makocha wa nchi nzima.

Baada ya sekondari ngazi haikatiki. Vyuo vya ualimu vina mashindano yao ya UMISAVUTA, na vyuo vikuu hushindana chini ya chama chao cha michezo, TUSA. Kijana anayesomea ualimu anaweza kuendelea kucheza, kisha akarudi katika shule za wilaya akiwa mwalimu anayeujua mchezo. Kwa kata ya vijijini, huenda faida hiyo ikawa kubwa kuliko kumpata nyota mmoja aliye mbali, kwa maana mwalimu mmoja hufundisha watoto wengi.

Kiwanja kinahitaji nini

Baadhi ya wazazi hudhani kikapu ni mchezo wa mjini kwa sababu ya gharama ya kiwanja. Vipimo vinaonyesha vingine. Kiwanja kamili cha kikapu kina urefu wa meta 28 na upana wa meta 15. Kiwanja cha netiboli, ambacho wanafunzi wa shule nyingi wanakifahamu, kina urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25. Eneo la netiboli, kwa hiyo, linatosha pia kwa kikapu.

Hata kimo cha goli ni kilekile, meta 3.05 kutoka ardhini. Tofauti ni kwamba ringi ya kikapu ni pana zaidi, ina kipenyo cha sentimeta 45, na nyuma yake kuna ubao. Kinachohitajika zaidi ni ardhi ngumu na iliyosawazishwa, kwa kuwa mpira wa kikapu hudundwa muda wote. Ardhi ya moramu iliyoshindiliwa vizuri inafaa kwa mazoezi ya awali, wakati sakafu ya zege ikisubiri bajeti.

Wananchi wanaotaka kiwanja wana njia rasmi ya kuliwasilisha ombi lao:

1. Hoja itolewe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kusema.

2. Kijiji kikikubali, hoja hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na Diwani, huku Mtendaji wa Kata akiwa katibu wake.

3. Kamati ikiridhia, hoja huingizwa katika mipango inayopelekwa Halmashauri.

Hoja inayoambatana na nguvu za wananchi, kama vile kusawazisha ardhi, kusomba mawe au kutoa nguzo, huwa na msingi imara zaidi.

Wajibu wa mzazi, na tahadhari

Kipaji hakionekani kwa mtoto anayeitwa nyumbani kila saa ya michezo inapofika. Mifugo ina haki yake na kazi za nyumbani zina haki yake, lakini jioni mbili kwa wiki za mazoezi chini ya mwalimu si hasara kwa kaya. Binti naye ana haki hiyo sawa na kaka yake.

Aidha, wazazi wanakumbushwa kutunza nyaraka za watoto. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA ndicho msingi wa pasipoti, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji pekee. Kijana anaweza kupata nafasi ya kusoma nje ya nchi akaikosa kwa sababu tu hakusajiliwa alipozaliwa.

Vilevile, tahadhari inahitajika. Mtu akifika nyumbani akidai amempatia kijana nafasi ya kucheza ughaibuni, na hapohapo akaomba fedha, mzazi asilipe chochote wala kukabidhi nyaraka kabla ya kufika ofisi ya Mtendaji wa Kata, shuleni kwa kijana, na kwa Afisa Michezo wa Wilaya, Mugumu. Ufadhili wa kweli huwa na barua ya shule au chuo inayoweza kuthibitishwa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Detroit iko mbali, na wanaofika huko ni wachache mno. Lakini hatua za mwanzo ziko Machochwe: kubaki darasani, kuwa na mwalimu anayejitoa, kupata kiwanja kilichosawazishwa na cheti kilichotunzwa sandukuni. Mtoto atakayezipanda ngazi hizo, hata asipofika fainali yoyote, atakuwa amepata elimu, afya na nidhamu vya kumfaa maisha yake yote.