Si kila rundo la mawe ni kaburi

Panda matatu Nyeri mjini, pita Kiganjo na Naro Moru, na kabla hujafika Nanyuki utaona vigongo vya chai na kahawa vimekwisha, nyanda za nyasi zimeanza. Mbele zaidi, kwenye vilima vya Laikipia, kuna marundo ya mawe ambayo hayakuachwa na mvua wala na jembe. Yalipangwa na mikono ya watu, na mengi ni makaburi.

Kwenye vigongo vya Nyeri si rahisi kupata rundo la namna hiyo. Wakikuyu wa zamani hawakumzika kila mtu. Maiti nyingi zilipelekwa kichakani, fisi wakamaliza kazi. Kuzikwa kulikuwa heshima ya mzee mwenye mali na uzao. Wamisheni na serikali ya kikoloni ndio waliolifanya kaburi kuwa la kila mtu. Kwa hiyo lile kaburi la vigae nyuma ya nyumba, ambalo siku hizi hutajwa hata katika kesi za mashamba, ni desturi changa mno.

Wamaasai nao waliwaacha wengi nyikani, lakini laiboni, yaani kiongozi wa ibada, au tajiri alilazwa katika shimo fupi na kufunikwa mawe. Kila mpita njia aliongeza lake. Rundo lilikua miaka na miaka baada ya matanga, na ukubwa wake unaweza kutueleza zaidi juu ya wapitaji kuliko juu ya marehemu.

Kilichomo ndani ya marundo ya mawe kinaonekana vizuri zaidi Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938. Chini ya mawe walilala watu waliokunjwa, magoti yakielekea kifuani. Wanawake walizikwa na vyombo vya mawe. Wanaume hawakupewa kitu. Hapo ndipo rundo linapoanza kusema: bila neno lolote lililoandikwa, tunajua jikoni palikuwa pa nani. Karibu na hapo, katika pango la mto Njoro, mwaka 1938 zilipatikana maiti zipatazo 80 zilizochomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita, pamoja na mabakuli ya mawe, michi na shanga.

Kaburi kongwe kuliko hayo liko Lothagam, magharibi ya ziwa Turkana. Wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na inakadiriwa kwamba waliwazika humo watu wasiopungua 580. Kule Uingereza, kaburi mashuhuri la West Kennet, tuta lenye urefu wa mita 100, lilikutwa na mifupa ya watu 36 hivi. Na Lothagam haina chifu: wazee kwa watoto, karibu wote walivikwa mapambo.

Sasa mtego. Kule kule Hyrax Hill kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani, na ubavuni mwa kila shimo, upande wa mteremko, kuna tuta. Wengi walidhani mashimo yale yalikuwa nyumba. Mwanaakiolojia John Sutton alionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na tuta ni samadi na takataka zilizofagiliwa nje! Nyeri na Murang'a nako kuna mashimo ambayo wazee huyaita ya Wagumba, wale watu wafupi wa hadithi. Mfini Ari Siiriäinen alilifuatilia swali la Wagumba kwa kuchimba Gatung'ang'a, na mwaka 1971 akachapisha alichokipata.

Tofauti kati ya kaburi na lundo la samadi huonekana katika mpangilio wa tabaka. Anayebeba mawe akajengee ukuta anaondoka na ushahidi wenyewe. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Mtu wa Nyeri hana safari ndefu: makumbusho yako Ruring'u, katika jengo ambalo enzi za ukoloni lilikuwa mahakama ya Waafrika.