SOKO NAYO NI MASOMO



Wengi kati yetu wanafikiri kwamba kwenda soko ni kazi ya bamama tu. Sisi vilevile tulifikiri hivyo, mpaka siku tulipotumwa kununua chakula cha sikukuu ya masomo. Tunapenda kuwaeleza yale tuliyojifunza.

Soko kubwa ya Bukavu iko Kadutu. Vitu vyake vinatoka pande nyingi. Maharagi, viazi, sombe na lengalenga vinatoka Kabare na Walungu. Mananasi yanavuka ziwa, yakitoka kisiwa cha Idjwi. Sambaza zinavuliwa usiku katika ziwa Kivu, kwa mwanga wa taa. Je, mnajua kwamba zamani samaki hii haikuwa katika ziwa letu? Ilitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kati ya miaka 1958 na 1960. Leo iko chakula cha maskini na cha tajiri.

Sasa, namna gani kununua vizuri?

Kwanza, ufike mapema, wakati majani ingali na umande.

Pili, uzunguke mbele ya kutoa feza. Nusa nanasi upande wa chini: kama halina harufu, halijaiva. Tazama macho ya sambaza: kama hayangʼai tena, ilikwisha kulala.

Tatu, angalia kipimo. Maharagi na unga vinapimwa kwa kopo. Kopo lililobonyea chini linakula maharagi yako! Sisi lilitupata. Tulinunua makopo 20 kwa bei ndogo, tukafurahi sana. Kufika nyumbani, tukapima kwa kopo letu: 17 tu.

Nne, uliza. Wengine wananunua na kuuza tena, lakini mama aliyelima mwenyewe anajua kitu chake. Atakuambia kama maharagi ni mapya: yale ya zamani yanamaliza makala yako bila kuiva. Atakukumbusha kwamba sombe inatwangwa na kupikwa muda mrefu, juu ikiwa mbichi iko na sumu.

Halafu kunabaki utamu wenyewe wa soko, ni kupatana bei. "Mama, punguza!" "Watoto wangu, ongezeni kidogo!" Watu wanacheka, wanaulizana habari za nyumbani, na mwishoni mama anatia matabishi juu ya kitunga.

Lakini siku ile sisi tulipita kipimo. Tulivuta bei ya viazi vya mama mmoja mpaka akachoka, akakubali. Alipoinama kutupimia, tuliona alama ya kamba katika paji la uso wake. Tukamwuliza alitoka wapi. Akajibu: "Nilitoka Kabare kungali usiku. Feza yenu haifike hata ya chumvi na sabuni, lakini siwezi kurudisha muzigo huu mugongoni."

Haya ikatushika. Tulirudi kwa bei yake ya kwanza. Naye, bila kuombwa, akatutilia matabishi ya viazi vitano.

Tangu siku ile tunapatana bei bado, maana soko bila mapatano haina ladha. Lakini tunaacha mahali ambapo mama naye anaweza kucheka. Mukitumwa soko, bandugu, musikatae. Muende mapema, na muchukue kopo lenu!

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa 5.