Fedha Zimehama Kutoka Fundo la Khanga

Sisi tuliolelewa Nyanda za Juu Kusini twakumbuka jinsi fedha zilivyokuwa zikisafiri. Mtu wa Mbeya akitaka kumtumia mama yake aliyeko Iringa ada ya mdogo wake, alikwenda posta, au alifunga noti ndani ya bahasha akamkabidhi kondakta wa basi. Bahasha nyingine zilifika zimepungua, na kondakta akaapa kwamba ndivyo alivyopewa. Nyumbani mama alizitia katika fundo la khanga au kopo la uvunguni, ambako panya nao walikuwa na hesabu yao.

Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa hapa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Airtel na Tigo, ambayo sasa ni Yas, nazo zikaleta huduma zao. Haikuhitaji simu kubwa; kitochi kilitosha. Mama akauza viazi Uyole, mnunuzi akamlipa kwa simu, naye akatoa fedha kwa wakala alipozihitaji. Tozo ya serikali ya Julai 2021 iliwarudisha wengi kwenye noti kwa muda. Makato yanauma, hilo kila mama anajua.

Lakini kuna jambo linalotusumbua zaidi ya makato. Jioni moja mama mmoja alituletea mtoto wa miaka minane aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi na kuvunjika paja. Tulimfunga mguu, lakini ilibidi apelekwe hospitali kubwa, na gari lilihitaji mafuta. Mama alisema fedha anazo, za mavuno, zimo kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi mwake. Namba ya siri hakuijua.

Wakati laini zilipokuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, kazi iliyofikia ukomo Januari 2020, yeye hakuwa na namba ya NIDA. Mumewe akaisajili kwa jina lake, akaweka namba ya siri, kisha akaenda kuchimba dhahabu Chunya. Usiku ule hakupatikana. Mama alibahatisha namba mara tatu, na akaunti ikafungwa. Dereva na sisi wauguzi tukachanga.

Mume yule hakuwa mtu mbaya. Alipokuja alilia mbele yetu. Hakuna aliyekuwa amewaza kwamba fedha za simu ni za yule ambaye laini imeandikwa kwa jina lake.

Tulipolizungumza katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, palichemka. Wengine walisema mume na mke ni kitu kimoja, basi siri ya nini? Wengine walisema wameona akiba ya ada ikiishia kilabuni. Sisi twaona kila mmoja awe na laini kwa jina lake, na wote wawili wajue kiasi kilichomo. Kuficha akiba ni jambo jingine, na hatulishauri.

Ukiwa na namba ya NIDA, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwayo. Usimpe wakala namba ya siri akubonyezee, hata kama macho yamechoka. Tumewaona akina mama wengi wakifanya hivyo. Na ukipata ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, usitume. Mpigie unayemdai au anayekudai, usikie sauti yake. Ujumbe wa matapeli hupelekwa namba 15040.

Yule mtoto anatembea. Mama yake amepata kitambulisho na laini yake mwenyewe, na mume humtumia fedha kutoka Chunya. Hata hivyo noti ya shilingi elfu kumi haikosi katika fundo la khanga yake, kwa kuwa mtandao hukatika, na wakala wa kijijini hufunga saa kumi na mbili.