Riwaya ya Misimbo Yazua Mjadala Miongoni mwa Walimu na Wanafunzi

Katika shule nyingi za Kisii na Nyamira, mwanafunzi akipatikana na riwaya isiyokuwa miongoni mwa vitabu vya kutahiniwa, riwaya hiyo hutwaliwa na mwenyewe akaonywa asipoteze wakati. Mimi ni mmoja wa walimu walioitekeleza desturi hiyo kwa bidii, na leo ningependa kueleza ni kwa nini nimeiacha.

Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta mwanafunzi wa kidato cha nne akisoma kwa siri wakati wa masomo ya jioni. Kitabu alichokuwa nacho ni Digital Fortress, riwaya ya kwanza ya Mmarekani Dan Brown, iliyochapishwa mwaka 1998, na ambayo ilipata wasomaji wengi baada ya The Da Vinci Code kumpa mwandishi huyo umaarufu mwaka 2003. Nilikitwaa, nikakitia katika droo ya meza yangu. Usiku, ama kweli mganga hajigangi, nikaanza kukisoma mwenyewe, na sikukiweka chini hadi jogoo walipowika.

Kisa chenyewe kinahusu Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, ambalo katika riwaya lina mtambo wa tarakilishi wenye vipande milioni tatu vya kuchakata, uwezao kufumbua kila ujumbe wa siri duniani. Mjapani mmoja aliyewahi kufanya kazi huko, Ensei Tankado, anadai ametunga msimbo usiofumbulika. Tankado anafariki mjini Seville, Uhispania, na pete yake yenye ufunguo wa fumbo inaanza kusakwa kama mpira wa kona. Sura ni fupi fupi, na kila moja hukatika pale pale msomaji anapotaka kujua zaidi.

Kitabu hicho kilipofika chumba cha walimu, maoni yalitofautiana kama mbingu na ardhi. Mwalimu wa fasihi alisema wahusika wake ni wa karatasi: wanakimbia sana lakini hawafikiri, na hakuna hata mmoja anayebadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenzake anayewahudumia wanafunzi wenye mahitaji maalumu alikerwa na jambo jingine, kwamba muuaji ni kiziwi, kana kwamba ulemavu ni alama ya uovu. Yuko aliyetukumbusha kwamba hata wakazi wa Seville walilalamika kuhusu jinsi mji wao ulivyochorwa. Sisi ambao tumewahi kusoma maneno ya wapita njia kuhusu Abagusii tunajua uchungu huo.

Wanafunzi nao walikuwa na yao. Wengi walikiri kwamba hicho kilikuwa kitabu cha kwanza kizito walichokimaliza bila ya kulazimishwa. Msichana mmoja alifurahi kwamba bingwa wa hisabati katika kisa hicho, Susan Fletcher, ni mwanamke, na kwamba akili yake ndiyo inayotegemewa na wakubwa. Katika eneo ambalo wasichana wengi bado huambiwa kwamba hisabati ni ya wavulana, furaha hiyo si ndogo.

Hata hivyo, maoni yaliyonizindua sikuyasikia kwa sikio. Niliyaona yameandikwa kwa kalamu ya risasi pambizoni mwa kurasa za mwisho. (Asiyekisoma kitabu na anisamehe kwa kufichua mwisho.) Ili kuokoa hazina ya siri za Marekani, wahusika wanatakiwa watafute nambari tasa ambayo ni tofauti baina ya mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Wanaamua kwamba bomu la kwanza lilikuwa la urani 235 na la pili la urani 238. Tofauti ni 3, nambari tasa, na fumbo likafumbuka.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika: kiini cha bomu la Nagasaki kilikuwa plutoni 239. Toa 235, unabaki na 4. Nne si nambari tasa!

Nilisoma maneno hayo nikaona haya. Kijana niliyemdhania kuwa anapoteza wakati alikuwa amekusanya fizikia, historia na hisabati katika mstari mmoja, akamkosoa mwandishi mashuhuri, naye alikuwa na haki. Ni zoezi gani la darasani nililowahi kutoa ambalo lilidai mambo hayo yote kwa mpigo?

Mwalimu wetu wa hisabati aliongeza kosa la pili. Riwaya inadai kwamba hakuna msimbo usioweza kufumbuliwa iwapo mtambo utajaribu funguo zote. Lakini mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba ufunguo wa kubahatisha, ulio mrefu sawa na ujumbe wenyewe, na unaotumiwa mara moja tu kisha ukatupwa, hauwezi kufumbuliwa kamwe. Mjaribu wa funguo zote atapata kila sentensi iwezekanayo ya urefu huo, asijue ipi ni ya kweli.

Je, makosa hayo yanatosha kukifanya kitabu kuwa haramu? La, hasha. Mgala muue na haki umpe. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Phillips Exeter, na ameeleza kwamba wazo la kisa hicho lilimjia baada ya maafisa wa usalama kufika shuleni humo kwa sababu ya barua ya tarakilishi ya mwanafunzi. Swali analouliza, la nani anazisoma barua zetu na kwa idhini ya nani, lilipata uzito zaidi mwaka 2013, pale Edward Snowden alipofichua jinsi shirika lile lile lilivyokuwa likikusanya mawasiliano ya watu. Hapa Kenya, ambako hata mama muuza ndizi katika soko la Daraja Mbili hupokea fedha kwa simu, nambari ya siri si jambo la riwaya tena.

Isitoshe, tusidhani kwamba elimu hiyo ni ya ng'ambo pekee. Mwezi wa Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kuushambulia mji wa Colombo, wafumbuzi wa misimbo wa Uingereza walihamishiwa Kilindini, Mombasa. Walipewa shule ya wavulana ya Allidina Visram, iliyo ukingoni mwa bahari. Humo, mahali ambapo wanafunzi walikuwa wakikokotoa hesabu zao, wakasikiliza redio za Wajapani. Mwaka huo huo, mpelekaji ujumbe mmoja wa Kijapani alisahau kutaja mahali ilipokuwa meli. Akautuma upya ujumbe wote kwa funguo zile zile, safari hii akiongeza alichosahau. Kosa hilo moja lilitosha. Kufikia Novemba, John MacInnes na Brian Townend walikuwa wakizisoma habari za meli za biashara za Japani kadiri zilivyonaswa. Mwaka 1943 kikosi hicho kilirejea Colombo.

Hapakuwa na mtambo wa vipande milioni tatu wala mbio za mitaani. Palikuwa na karatasi, subira, na macho yaliyozoea kuona kosa la mwenzake. Macho ya namna hiyo ndiyo niliyoyaona pambizoni mwa kitabu kile.

Basi, walimu wenzangu, tufanyeje? Tuanze na tulicho nacho. Watoto wetu wanajua vitendawili, na walio pwani wanajua kinyume, ambapo kalamu huwa mukala. Wapeni zoezi: kila herufi isogezwe mbele hatua tatu, KISII iwe NLVLL na NYAMIRA iwe QBDPLUD. Kisha wapeni aya nzima ya Kiswahili iliyofichwa hivyo, bila ya kuwaambia ufunguo. Watagundua kwamba herufi D imejaa kila mahali, watakumbuka kwamba Kiswahili kimejaa A, na fumbo litafunguka mikononi mwao. Hapo watakuwa wamejifunza sarufi na hisabati pamoja.

Kuhusu riwaya, ziacheni zisomwe wakati ufaao, lakini kwa kalamu mkononi. Msomaji asiulizwe tu kama kimemfurahisha. Aulizwe ni wapi mwandishi amekosea, na amejuaje. Nanyi wanafunzi mnaopenda visa vya mbio, kumbukeni kwamba darasa la Allidina Visram bado linamsubiri mtunzi atakayelitungia riwaya ya kusisimua kwa Kiswahili. Kwa nini asitoke Manga au Nyansiongo?

Nilimrudishia kijana kitabu chake asubuhi iliyofuata, nikamwomba radhi. Akaniuliza kama nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho.