Ua la Pareto na Mikono Ilichumayo

Katika nchi za baridi za Molo, Kinangop na milima ya Kisii, mgeni apitaye asubuhi huweza kuona shamba jeupe kana kwamba limetandikwa shuka. Hayo ni maua ya pareto. Tangu mmea huo ulipoletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, umelisha nyumba nyingi na kulipa karo za watoto wengi. Dawa iuayo wadudu imo ndani ya kichwa cha ua.

Kazi ya kuchuma haihitaji nguvu nyingi, lakini yataka subira na jicho kali. Mchumaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hungoja umande ukauke kwanza, maana ua lenye maji huoza upesi. Hulichuma kwa vidole bila kikonyo. Kikonyo huongeza uzito tu, wala hakina dawa ya maana. Ua changa halijapata dawa ya kutosha, na lililopevuka mno limekwisha kupungukiwa. Kwa hiyo shamba lile lile hurudiwa kila baada ya majuma mawili au matatu, msimu wote. Tena hutumika kikapu kipitishacho hewa, kwa sababu maua yakishindiliwa katika gunia hupata joto na kuharibika.

Jioni kazi bado ipo. Maua huanikwa juu ya vichanja, na wingu likitokea watoto hukimbia kuyaingiza ndani. Kilo 4 au zaidi za maua mabichi hutoa kilo 1 tu ya makavu. Kibarua hulipwa kwa uzito wa mabichi aliyoyachuma. Mwenye shamba hana budi kungoja mpaka maua yake yapimwe dawa iliyomo, ndipo ajue fedha zake.

Kungoja huko ndiko kulikoleta msiba. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia nzima kwa pareto. Lakini kuanzia miaka ya 2000 malipo ya wakulima yalikawia miezi, kisha miaka. Mkulima asiyelipwa atamlipa nini mchumaji? Na ua lisilochumwa kwa wakati lina faida gani? Wengi waling'oa mimea yao wakapanda viazi, au wakafuga ng'ombe wa maziwa. Tasmania, huko Australia, ikashika nafasi ya mbele. Walikuwapo waliosema wakulima wamekuwa wavivu. Maneno hayo hayakuwa ya haki, maana hao hao ndio walioamka alfajiri kupeleka maziwa yao barabarani.

Sheria ya mwaka 2013 ilifungua mlango kwa wanunuzi wengine, na baadhi ya serikali za kaunti zimegawa miche. Mkulima mzee apewapo miche hiyo huuliza kwanza siku ya kulipwa, kisha ndipo aulize bei.